Kwa mnaoanza kazi ya kulinda samaki ziwani

Karibuni Dunga, ufuo wetu wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, Kenya. Wengi wenu mmekuja mkiisifu Shelisheli, nchi ya visiwa 115, ambayo kufikia Machi 2020 ilikuwa imetenga asilimia 30 ya bahari yake ihifadhiwe. Wanastahili sifa hizo. Ila kabla ya kuchora mipaka, waliketi na wavuvi, watu wa utalii na watafiti kwa miaka kadhaa. Igeni hilo kwanza.

Basi fikeni ufuoni alfajiri, boti zikirudi. Salimieni wazee, saidieni kuvuta boti, daftari likae mfukoni. Kisha simameni karibu na akina mama wanaopasua mbuta, yaani sangara. Sheria yetu inaruhusu mbuta wa kati ya sentimita 50 na 85. Kwamba mdogo aachwe akue, kila mtu anaelewa haraka. Swali huwa ni mkubwa: mbona aachwe, naye ndiye mwenye pesa? Subirini jike mkubwa apasuliwe, muone mayai yalivyojaa tumboni, madogo kuliko mtama. Hapo hata mvuvi mbishi hunyamaza kidogo, maana ni samaki wake wa kesho.

Mafunjo nayo msiyaone kama vichaka vya kufyekwa. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950 na akawamaliza fulu wengi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, lakini kule ndani ya mafunjo hewa ya majini ni haba, mbuta hawezi kuishi humo, na baadhi ya fulu wamenusurika humo. Kamongo, samaki mrefu anayeweza kupumua hewa, pia huzaa humo. Kila kipande cha mafunjo kinachochomwa ili kulimwe mboga kinaniuma kweli.

Kuhusu omena, yaani dagaa, uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Mimi naunga mkono. Hata hivyo, usimhubirie mtu kuhusu miezi minne bila kumuuliza karo ya watoto itatoka wapi. Muulize, halafu sikiliza jibu lote. Wengine wana shamba, wengine hawana chochote nje ya ziwa, na hao ndio mtakaowakuta wakivua usiku kwa siri.

Ukisikia kuna nyavu haramu, usiingie majini kuzikimbiza. Pelekea kamati ya BMU, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia ufuo, habari hiyo. Wanajua wavu upi ni wa nani, na ndio wanaoshirikiana na maafisa wa uvuvi.