Shangazi, wakili niliyemlipa hapokei simu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Mbagala, nina watoto wawili, wa miaka tisa na mitano. Mume wangu amefungua shauri la talaka Temeke na anasema nyumba ni yake peke yake kwa kuwa kiwanja kina jina lake. Mimi nilikuwa mama lishe, saruji ya msingi niliinunua kwa hela ya mchezo. Dada mmoja wa kanisani alinipeleka kwa wakili, tukakubaliana milioni moja na nusu. Nimeshamtumia laki nane kwa simu, risiti hakunipa. Tangu hapo hapokei simu, nikienda ofisini naambiwa yupo mahakamani. Mara mbili nimefika mahakamani peke yangu, kesi ikaahirishwa. Jirani amemwona kwenye korido anacheka na wakili wa mume wangu. Juzi kanipigia mwenyewe, anataka laki tatu za "kumwona hakimu". Nimpe? Nimbadilishe? Hela zangu zitarudi? Naogopa kumuudhi akaniharibia kesi. — Mama Wawili, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hizo laki tatu maana haziwezi kungoja. Usitoe. Ada yoyote halali ya mahakama inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile mtaani wanaiita kontroo namba, na risiti unapata. Hakuna ada ya kumwona hakimu. Na mara nyingi hakimu mwenyewe hana hata habari kwamba jina lake linauzwa huko nje. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, kwa hiyo ukituma hiyo hela unakuwa umejiingiza kwenye kosa, na huyo bwana atakuwa na la kukutishia nalo. Amekupigia, hakuandika, unaelewa kwa nini. Akipiga tena mwambie kwa upole akuandikie kwa ujumbe hiyo laki tatu ni ya nini. Akiandika, TAKUKURU wanapatikana kwa 113, simu ni bure. Asipoandika, jibu umeshapata.

Sasa twende kwenye neno lililonikaa kooni katika barua yako: "naogopa kumuudhi". Umemlipa mtu laki nane, halafu unamwogopa! Fundi cherehani akikaa na kitambaa chako wiki tatu unamfuata mpaka kwake na kumsimamia mlangoni. Wakili, kwa kuwa amevaa suti na ukutani ana cheti chenye fremu, unakaa kwenye benchi lake la mapokezi asubuhi nzima kisha unarudi nyumbani kimya. Napokea barua nyingi kuhusu mawakili, na wanaolalamika kuwa wakili wao alishindwa kesi ni wachache. Wengi wanalalamikia kimya: kesi haijulikani ilipo na mtu anaona haya kuuliza. Kesi ni yako wewe. Yeye umemwajiri.

Kwa hiyo kabla ya kumfukuza au kumsamehe, nenda kajionee. Beba kitambulisho chako cha NIDA na ule wito ulioletewa, wenye namba ya shauri, uende masjala pale Kituo Jumuishi cha masuala ya familia Temeke. Wewe ndiye mjibu maombi katika hilo shauri, huendi kuomba fadhila. Mweleze karani unataka kujua hali ya shauri lako. Kwanza uliza kama majibu yako dhidi ya madai ya mumeo yamewasilishwa, na lini. Halafu uliza tarehe inayokuja ni ya nini, na zile siku mbili ulizokuwepo peke yako kumbukumbu zinasemaje.

Hapo kwenye "ya nini" sikiliza vizuri. Shauri likipangwa kutajwa, maana yake mahakama inaangalia limefikia wapi na kupanga tarehe nyingine. Wakili asipofika siku hiyo ni utovu wa adabu kwako, lakini pengine hakuna kilichoharibika. Likipangwa kusikilizwa ni habari nyingine kabisa. Siku hiyo ushahidi unatolewa. Na kama majibu yako hayamo kwenye jalada, muda uliotajwa kwenye wito ukapita, mahakama inaweza kumsikiliza mumeo upande mmoja na kuamua wewe ukiwa jikoni unapika. Ukikuta hivyo, usiende tena ofisini kwa wakili kubembeleza. Siku ya shauri simama mwenyewe mbele ya hakimu, useme kwamba ulimlipa wakili, umegundua majibu hayajawasilishwa, na unaomba muda. Usingoje mtu akusemee.

Ukikuta majibu yamo na yamesainiwa, basi huyo mtu kuna kazi ameifanya, hata kama hajui kupokea simu. Hapo mpe nafasi moja. Mwandikie ujumbe, usimpigie: taja namba ya shauri, taja laki nane na tarehe ulizotuma, omba risiti, omba nakala ya kila kilichopelekwa mahakamani, omba siku ya kuonana. Zile meseji za muamala usizifute hata simu ikijaa. Na hata zikipotea, kampuni ya simu inaweza kukutolea taarifa ya miamala yako.

Mkionana, muulize mambo ambayo aliyesoma jalada atayajibu bila kupapasa. Je, mume alipitia baraza la usuluhishi la ndoa, na ile Fomu Namba 3 ya baraza, inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, imo? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro uanzie barazani, ukiacha hali chache zilizotajwa humo, na wapo waliokimbilia kortini bila hiyo fomu shauri likakwama. Muulize pia atasemaje kuhusu nyumba. Akikujibu kwa mkato kwamba jina ni la mume kwa hiyo hakuna la kufanya, inuka uage. Jina kwenye karatasi halimalizi mambo. Mahakama inatakiwa kuangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, hata kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango. Wewe una zaidi ya hizo, una saruji.

Lakini saruji lazima isemewe. Nani alikuwepo? Huyo fundi aliyejenga msingi bado yupo? Wenzako wa mchezo wanakumbuka zamu yako ilikuwa lini na hela ilikwenda wapi? Daftari la mchezo liko kwa nani? Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anakujua? Hayo wakili makini angekuuliza siku ya kwanza, kabla ya kutaja bei. Kama hakukuuliza, anza kuyakusanya leo, maana wakili yeyote utakayekuwa naye atayahitaji. Na mumeo akianza kuleta watu kuangalia nyumba, sema mapema: nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa pili, na kuna hatua za kuweka zuio.

Kuhusu watoto sikuona swali, ila naona hofu. Huyo wa miaka mitano sheria inaanzia kwenye dhana kwamba aliye chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa huyo wa miaka tisa, mahakama itaangalia maslahi yake.

Lile la kucheka kwenye korido liache. Mawakili wanajuana, wengine walisoma pamoja, asubuhi wanabishana mbele ya hakimu na saa nne wanakunywa chai meza moja. Ndivyo kazi yao ilivyo. Ungeniambia jirani ameona bahasha, tungezungumza mengine.

Na akikuambia nyaraka ni za Kiingereza hutazielewa, usikubali kunyamazishwa hivyo. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Akusomee na akueleze, kwa muda uliomlipia.

Jambo ambalo lingetangulia kabla hujatoa hata shilingi, lakini bado halijachelewa: hakikisha ni wakili kweli. Mawakili vishoka ni wengi, wana ofisi na mihuri. Leseni ya uwakili inahuishwa kila mwaka, na Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni ambapo unaandika jina ukaona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Mwombe kijana yeyote mwenye simu nzuri akutafutie. Jina lisipoonekana, uliza Chama cha Mawakili, TLS, na usimtumie hata mia.

Akiwa wakili halali lakini hajibu ujumbe wala hafiki tarehe inayofuata, mbadilishe. Ni haki yako. Mwandikie barua ya kusitisha, baki na nakala aliyosaini kupokea, na mahakama ijulishwe. Anaweza kung'ang'ania faili la ofisini kwake akidai bado anakudai. Yale yaliyokwisha kuwasilishwa utapata nakala zake mahakamani. Malalamiko dhidi yake yanapelekwa Kamati ya Mawakili, ambayo mwenyekiti wake ni jaji wa Mahakama Kuu na ina uwezo hata wa kumwondoa mtu kwenye orodha ya mawakili. Nikuambie ukweli kuhusu hela: laki nane zote sidhani kama zitarudi, kwa sababu kama aliandika majibu, kazi hiyo ina malipo yake. Kwa kazi ambayo hakuifanya, dai.

Na kwa kuwa mfuko umekwisha, usikimbilie kukopa ili uajiri mwingine. Chama cha Wanawake Wanasheria (TAWLA), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake wote wapo Dar es Salaam, na wanawasaidia wanawake wenye mashauri kama lako bila kuwatoza. Nenda na wito, cheti cha ndoa na zile meseji za miamala. Wataanza kwa kukuuliza tarehe inayofuata ni lini, kwa hiyo pita masjala kwanza.

Zile laki saba zilizobaki kaa nazo mpaka ushike risiti ya laki nane na makubaliano ya maandishi yanayosema milioni moja na nusu ni ya kazi gani na inaishia wapi.