Mwanangu, jicho halingoji Jumatatu

Mwanangu, dada yako amenisomea ujumbe wako na ndiye anaandika hapa, mimi nasema tu. Unauliza kama jicho bado linauma. Linakwaruza kama mchanga umeingia, na nikikaa kwenye jua machozi yanatoka. Munganga, daktari wa macho, alisema siku za kwanza za opereshoni ya mtoto wa jicho ni hivyo, kila siku itapungua. Leo ni siku ya sita na imepungua kweli.

Lakini mimi nachunga kalenda. Ile ya parokia, karibu na mlango. Kila asubuhi dada yako akishanitoa kile kifuniko cha plastiki ninacholala nacho, naziba jicho lingine kwa mkono, maana lile zima linadanganya, linafanya na kazi ya mwenzake, halafu naangalia namba nyekundu za Jumapili. Jana nilisoma 14 na 21, leo hadi jina la padri pale chini! Siku namba zitarudi kuwa ukungu, ama jicho liwe jekundu kuliko jana, ama litoe usaha, ama maumivu yazidi, ama nione vimulimuli na kivuli kama pazia linashuka, tunatoka saa hiyo hiyo, hata usiku, hata mvua. Jicho halingoji Jumatatu.

Unajua nimeyatoa wapi. Kambo yako, bibi mzaa baba yako. Ulikuwa primere, shule ya msingi, unakumbuka tu alivyorudi Kasenga anashikwa mkono, ile Jumamosi yenyewe hukuiona. Siku ya nne ya opereshoni kama hii yangu, amekaa kwenye kitanda chetu kule Katuba, kope zimevimba. Asubuhi alinitambua nikiingia na chai. Saa kumi nikamuonyesha vidole viwili mbele ya uso, akaniambia "mama, washa taa." Jua lilikuwa linawaka dirishani. Na mimi nikamwambia avumilie, wikendi tutakuta nani lopitali, franga ya teksi yenyewe hatuna, tutaenda Jumatatu. Shangazi yako akaleta maji ya majani akamtia jichoni. Jumatatu munganga aliangalia kidogo tu akasema mdudu ameingia ndani ya jicho lenyewe, na ugonjwa huu unahesabiwa kwa masaa. Wakadunga dawa mle mle ndani. Jicho halikurudi.

Mara nasema hata tungewahi pengine lingekufa tu, wako wanaowahi na bado wanapoteza. Halafu nakumbuka asubuhi alinitambua. Alinitambua, mwanangu, akaniuliza na sukari.

Ya shangazi yako na majani yake sisemi. Kambo yako alikuwa mama yake mzazi, alimpenda. Nimejizuia miaka yote na leo pia najizuia, ila mtu asije kwangu na kikombe cha majani.

Matone naweka, mikono imenawa kwanza, nitayamaliza hadi siku munganga aliyosema hata jicho likiwa safi, na silifikichi. Usiache kazi ya Kolwezi kwa ajili yangu. Simu yako tu iwe inawaka usiku. Ya dada yako ina chaji, na hela ya teksi nimeweka chini ya sahani ya maua, haiguswi hata chumvi ikiisha.