Naandika "mimi", inatoka 0505

SWALI: Habari fundi. Najifunza kuchapa kwenye laptop ya zamani. Tangu jana herufi za kulia zinatoa namba: nikiandika "mimi" inatoka 0505. Za kushoto ziko sawa. Sasa hata nywila inakataliwa. Kibodi imekufa?

JIBU: Haijakufa, na asikuuzie mtu nyingine. Kibodi kubwa ya mezani ina fungu la namba upande wake wa kulia. Laptop nyingi ndogo hazina nafasi hiyo, kwa hiyo namba zilifichwa ndani ya herufi. Angalia J, K na L kwa karibu: pembeni pana 1, 2 na 3 za maandishi madogo, mara nyingi kwa rangi tofauti. U, I na O ni 4, 5 na 6. M ni 0. Ndiyo maana "moja" itakutokea 061a.

Kinachoziamsha ni Num Lock, swichi ya namba hizo, nayo imewashwa. Kidole kikiteleza inatosha. Hata kibodi ya nje ukiichomeka yaweza kuiwasha.

Tafuta kitufe cha NumLk, kwa kawaida juu kulia. Kama jina lake lina rangi ile ile ya Fn iliyo chini kushoto, shikilia Fn, bonyeza NumLk mara moja, achia vyote. Kama rangi si hiyo, bonyeza NumLk peke yake.

Hukioni? Kwenye Windows, skrini ya kuingilia ina alama ya huduma za ufikivu chini kulia. Ibofye, ufungue kibodi ya kwenye skrini, uandike nywila kwa kubofya na kipanya. Ukiingia Options ya kibodi hiyo ukawasha fungu la namba, kitufe cha NumLock kitajitokeza nacho. Nywila usiibahatishe mara nyingi, akaunti inaweza kufungwa. Bonyeza alama ya jicho uone unachoandika.

Kwa kuwa unajifunza: papasa F na J, vina vinundu. Vidole vya shahada vikae hapo, macho yabaki kwenye skrini. Ni taabu mwanzoni, lakini anayetazama vidole huja kugundua 0505 akiwa ameshamaliza mstari mzima. Namba ziandike kwa safu ya juu, hizi za kwenye herufi ziache zilale.