Kuangalia muvi na watoto wadogo: usiiache iende tu

Mwezi wa saba hapa Dodoma upepo wa jioni unakata kwa baridi, na ikifika saa kumi na mbili watoto wote wako ndani. Kwa hiyo Jumamosi saa kumi jioni tunatandika mkeka sebuleni, shuka moja kubwa juu ya miguu, bakuli la bisi katikati, tunaangalia muvi. Wa kwanza ana miaka 7, mdogo ana 4.

Zamani nilikuwa nawawekea tu, mimi naendelea na kazi zangu jikoni. Kuna siku nilipeleka flashi kwenye kibanda cha kuuza muvi, nikaomba katuni za watoto zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, nikapewa, nikachomeka. Picha zilikuwa za watoto kweli: wanyama, ndege, nyimbo. Ila yule aliyetafsiri alikuwa anaweka na ya kwake, mara utani wa mapenzi, mara tusi. Nilikuja kugundua siku ya tatu, mdogo alipomwita bibi yake jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kongwa. Aliweka kikombe cha chai chini, akaniambia taratibu, "Mwanangu, maneno haya kayatoa wapi?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo muvi naikagua mwenyewe usiku wakishalala, tena na sauti, si picha peke yake. Mzazi mwenzangu, hili usiliruke. Picha nzuri haikwambii chochote kuhusu kinachosemwa.

Na kama muvi ni ya Kiingereza, mtafsiri ni mimi. Mwanzoni niliona ni mzigo, maana wahusika wanaongea haraka kuliko ninavyoweza kufuata, ikabidi niwe nasimamisha kila mara. Kumbe kule kusimamisha ndiko kulikonipa watoto wangu. Muvi ikitulia, wanaanza kuongea. Tulipoangalia The Lion King, ile katuni ya mwaka 1994, majina mengi yalikuwa ya kwetu, na maswali hayakuisha. "Mama, huyu nyani anaitwa Rafiki, rafiki wa nani?" "Kwa nini ngiri anaitwa Pumbaa, amefanyaje?" Mtoto ambaye shuleni mwalimu anasema haongei, nyumbani nilimsikia anabishana na TV.

Lakini katuni hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha kuhusu kutisha. Kuna sehemu nyumbu wanaporomoka korongoni, na baba yake Simba anakufa. Watoto wa hapa makorongo wanayajua, kila masika tunawapigia kelele wasisogee. Mdogo akaja nyuma ya mgongo wangu, akashika gauni. Akauliza kama baba yake Simba ataamka. Nikamjibu haraka haraka, "Amelala tu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu naye amelala?" Baba yangu tulikuwa tumemzika Kondoa miezi michache kabla. Usiku ule mtoto alikataa kabisa kulala, na haki yake, maana mimi ndiye niliyemwambia kulala ni nini.

Kwa hiyo, ukifika mahali pagumu, simamisha na useme neno lenyewe. Amekufa. Hawezi kuamka. Mtoto wake ana huzuni, na wewe ukiwa na huzuni unaweza kulia hapa kwangu. Mwambie kabla ya tukio, asishtukizwe. Mimi niliyasema haya asubuhi ya pili, nikiwa nimechelewa, lakini niliyasema.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku kwenye skrini, na kupungua ni bora zaidi. Katuni ile ina dakika 88, kwa hiyo kwetu ni nusu Jumamosi, nusu Jumapili. Wanalalamika, halafu kuanzia asubuhi wanacheza uani ile nusu waliyoiona, stuli ndiyo jabali na beseni ndiyo pango. Nisingewanyang'anya hiyo asubuhi kwa chochote.

Angalia pia LUKU kabla hujaanza. Umeme ukiisha wakati fisi wako kwenye kioo, utambembeleza mtoto hadi usiku.

Jumapili iliyopita waliomba turudie ile ya Simba. Mdogo akataka rimoti, nikampa. Tulipokaribia korongo akasimamisha mwenyewe, akajifunika shuka hadi puani, akaniambia, "Mama, sema kwanza." Nikamwambia nyumbu wanakuja, na baba yake Simba atakufa. Akasogea karibu yangu, akabonyeza.