Wawili Wawili

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Ulipotoka nyumbani kwa mara ya kwanza, wiki zile za mwanzo nani alikushika mkono?" Nimelisoma nikiwa kwenye foleni ya benki hapa Dodoma mjini, na kabla sijafika dirishani nikawa nimekumbuka harufu ya mlenda mkavu ndani ya mfuko wa nailoni. Nipeni nafasi nieleze, na mniwie radhi nikirefusha.

Mimi ni mzaliwa wa Chamwino, upande wa Mvumi. Nilitoka nyumbani mwanzoni mwa Februari 2019 nikiwa na miaka 20. Sikutoka kwa kuolewa, wala kwenda kufanya kazi za ndani mjini, ambazo ndizo safari walizozizoea wasichana wa kijijini kwetu. Nilikwenda Johannesburg kufundishwa umisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo waumini wake watu huwaita Wamormoni. Nilijiunga nalo Dar es Salaam, nilipokuwa nakaa kwa shangazi. Utaratibu wa wakati ule, kijana wa kiume alitumwa kuanzia miaka 18 kwa miezi 24, msichana kuanzia miaka 19 kwa miezi 18. Ulianzia kwenye kituo cha mafunzo kwa wiki chache, kisha ukaenda ulikopangiwa. Mahali huchagui, na mtu wa kwenda naye huchagui.

Baba hakupenda. Sisi ni Waanglikana tangu kwa babu yake. Injili iliingia Ugogoni miaka ya 1870 kupitia Mpwapwa, na baadaye Mvumi kwetu ikapata misheni yenye shule na hospitali. Kwa baba, misheni ni kitu kinachokuja. Hakijawahi kuondoka kwetu kwenda kwa wengine. "Wageni ndio walioacha kwao wakaja hapa," aliniambia. "Sasa wewe binti wa Kigogo unakwenda kumhubiria nani?" Sikumjibu. Binti hamjibu baba yake, na kusema kweli jibu sikuwa nalo. Mama hakusema neno. Aliuza mbuzi wawili, akaninunulia sanduku la magurudumu na viatu vyeusi, na usiku wa mwisho akafungua sanduku lile akapenyeza katikati ya nguo mfuko wa mlenda alioutwanga mwenyewe.

Sheria nilikuwa nimezisoma kabla ya safari. Ziko nyingi, lakini mbili ndizo zilizonikaa kichwani. Ya kwanza, mmisionari hakai peke yake. Anapewa mwenza, na wanaonana na kusikiana saa zote, isipokuwa mmoja akiwa bafuni. Wanasema ni kwa mfano wa Yesu aliyewatuma mitume wake Thenashara wawili wawili, kama ilivyoandikwa katika Marko sura ya 6. Ya pili, simu ya nyumbani wakati ule ilikuwa mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Wiki nyingine ilikuwa barua pepe tu.

Niliiogopa ile ya kwanza. Nimekulia mahali ambapo mtoto wa kike hupata utulivu wake njiani kwenda kisimani, au chini ya mbuyu saa za mchana kila mtu akiwa amelala. Kuangaliwa na mtu nisiyemjua tangu ninapofungua macho mpaka ninapofumba, niliona ni kama kufungwa. Hiyo ya simu niliiona nyepesi. Kwetu simu ni ya habari za msiba na za hela. Nani anapiga kusema amekukumbuka?

Kumbe hofu yangu nilikuwa nimeiweka kwenye sheria isiyo yake.

Siku ya kufika nilipewa beji nyeusi. Iliandikwa kwa Kiingereza neno la dada, kisha jina la ukoo wetu, na chini yake jina la kanisa. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniita kwa jina la ukoo. Labda shuleni, mwalimu akiita mahudhurio. Kule kila mtu aliniita hivyo kutwa nzima. Nilikuwa nimeondoka bila baba kuniwekea mkono kichwani, na sasa natembea na jina la baba yake kifuani. Siku za kwanza nilikuwa naligusa kwa kidole kila mara kama mtu anayehakikisha kifungo hakijafunguka.

Mwenza wangu alikuwa binti wa Zambia, kutoka Kitwe, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kiingereza chake kilikuwa kinatiririka. Changu kilikuwa cha sekondari ya kata: ninaelewa, lakini kusema ni kama kuvuta ndoo kwenye kisima kirefu. Ratiba haikuwa tatizo. Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kulala ni saa nne na nusu usiku, na kwa aliyezoea kutoka na ndoo alfajiri, huko ni kulala sana. Chakula kilikuwepo, kingi, na hata ugali upo, wao huuita pap. Kilichonitesa ni darasa.

Mafunzo yale si ya kukariri tu. Mnaingia wawili chumbani, mnamkuta mtu aliyejiweka katika nafasi ya mwenye shida fulani, mnamfundisha. Siku ya nne tulimkuta mwalimu amekaa kama mama aliyefiwa na mtoto, anauliza kama Mungu anasikia. Zamu ilikuwa yangu. Kwa Kigogo ningejua pa kuanzia, kwa Kiswahili pia. Nimekaa kwenye misiba mingi, na najua kwamba kwanza hutakiwi kusema kitu. Kwa Kiingereza nilifungua mdomo, neno halikuja. Nikahesabu vigae vya sakafuni. Yule binti wa Kitwe angeweza kunipokonya somo, na nisingemlaumu. Hakunipokonya. Alimgeukia yule mama akamuuliza, "Mtoto alikuwa anaitwaje?" Mwalimu akajibu, akaanza kusimulia, na katika kusimulia kwake mimi nikapata pumzi. Kisha mwenzangu akanigusa kisigino kwa ncha ya kiatu chini ya kiti. Nikasema sentensi tatu fupi. Zilitosha.

Tangu siku hiyo mguso ule wa kisigino ukawa alama yetu. Nimeutumia baadaye Uganda, nilikopangiwa, kwa miezi mingi na wenza wengine, na mpaka leo nikikaa kwenye mkutano na mtu amekwama, mguu wangu unatamani kumtafuta.

Usiku wa siku ile nililia. Nilijifunika shuka nikidhani sisikiki, lakini sheria ya kusikiana haibagui vilio. Alishuka kitandani kwake akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda changu, hakuniuliza kitu. Baada ya muda nikatoa ule mfuko wa mlenda nikamwonyesha, kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kumweleza kinachoniliza. Aliufungua akanusa, akacheka kwa furaha. "Delele!" alisema. Kumbe kwao nako wana mboga ya kuteleza wanayoipika kwa magadi, ikaliwa na ugali wao. Tukakaa gizani tunanong'onezana habari za mlenda: sisi tunakausha majani tunatwanga, tunatia karanga ukiwa na bahati, wao hivi na hivi. Pa kuupikia hapakuwepo, sisi tulikula bwaloni na wenzetu wote. Lakini kila usiku kabla ya taa kuzimwa tuliufungua mfuko, tukanusa kwa zamu, tukaufunga.

Watu wa nyumbani huniuliza, "Hamkuachwa hata dakika moja? Wanawalinda msitoroke?" Ninawajibu kwa moyo wote kwamba mtu mwenye upweke akiachiwa nafasi ya kujificha atajificha, na mimi ningejificha. Ningeificha ile aibu ya Kiingereza, ningekuwa msichana anayetabasamu bwaloni na kukauka ndani. Ile sheria niliyoiona kifungo ilinikosesha pa kujificha.

Ile nyingine ndiyo iliyonielemea.

Barua pepe tuliandika siku ya maandalizi, siku moja kwa wiki ya kufua na kuandika nyumbani. Mama hajui kusoma. Barua yangu ilikwenda kwa mdogo wangu aliyekuwa kidato cha pili, ambaye alipanda gari hadi mjini, akaisoma kwenye kompyuta ya kulipia, akainakili kwenye daftari, akarudi kumsomea mama jioni. Majibu yakapita njia ile ile. La kwanza lilikuwa na mstari mmoja: "Mama anauliza unakula." Mimi nilikuwa nimeandika kurasa mbili, nimeeleza ndege, beji, usiku wa kilio. Nilijiuliza kijana wa miaka 15 anamsomea mama nini na anaruka nini. Je, alisoma pale nilipoandika nimelia, au alimwonea huruma mama akaparuka? Na mama, ambaye maneno yake ni machache hata akiwa mbele yako, alisema kweli sentensi moja, au mtoto alichoka kuandika?

Wapo waliotumikia zamani wanaosema ukimya ule uliwajenga. Siwabishii maisha yao. Ila naamini uliwajenga wale ambao mama zao wanajua kusoma.

Ijumaa ya tarehe 15 Februari 2019 kanisa likatangaza kwamba kuanzia siku hiyo wamisionari wote, na duniani walikuwa zaidi ya 60,000, wanaruhusiwa kuwasiliana na familia kila wiki siku ya maandalizi kwa simu, kwa ujumbe, hata kwa video. Habari ilipotufikia, wasichana walikumbatiana. Wengine walianza kuhesabu saa za kwao. Mimi nilitabasamu nikaendelea na sahani yangu. Mama ana kitochi, na kitochi hakina video. Mwenzangu aliniangalia, na bila kuuliza mbele ya watu, siku ya maandalizi akaketi nami tukapanga: mdogo wangu aazime simu janja ya mwalimu wake, apande na mama hadi pale kwenye mwinuko nyuma ya zahanati ambapo mtandao unashika, saa kumi jioni ya Tanzania, juma linalofuata. Nikaandika hivyo. Nilipowaza kifurushi na betri, yeye alikuwa ameshanikumbusha nitaje vyote viwili.

Siku ilipofika tulikaa wote wawili mbele ya skrini, maana hata hapo sheria ni ile ile, nami sikutaka iwe vingine. Picha ilikatika mara tatu. Ya nne ikashika, nikaona kitenge cha mama, kisha kidevu chake, kisha uso wote. Akasema "Mbukwa," nikaitikia, na baada ya hapo hatukusema kitu. Alinitazama. Kwa muda ule wote alikuwa ananisoma kwa macho yake mwenyewe, bila daftari, bila mtu wa katikati. Alipomaliza akasema, "Umenenepa." Kisha akamwona mwenzangu, akauliza, "Huyu ndiye anayelala na wewe chumba kimoja?" Nikasema ndiye. Akamwambia kwa Kigogo maneno marefu ya kumshukuru, na yule binti wa Kitwe, asiyeelewa hata moja, akapiga magoti pale pale sakafuni kama wanavyosalimia kwao.

Nyuma ya mama nikaona goti la mtu aliyekaa kwenye jiwe, amegeukia pembeni. Nililijua goti lile. Sikujua kama alikuja kwa hiari au aliombwa. Baada ya muda nikasikia sauti yake ikimuuliza mdogo wangu, "Hicho cheusi kifuani kwake wameandika nini?" Mdogo wangu akasogea kwenye skrini, akasoma jina la ukoo wetu kwa sauti.

Baba alinyamaza. Kisha akaigeuza simu mwenyewe, upande mmoja tu wa uso ukaonekana.

"Huko mvua inanyesha?"

Nikasema inanyesha, karibu kila jioni, na radi.

"Huku imekata," alisema. "Uwele umesimama."