Kabla hujasema "siku tatu tu"

Wadogo zangu mnaoanza kuandika programu hapa Lubumbashi, mteja akikuuliza kazi itachukua siku ngapi, usijibu kabla hujakaa kwake jioni nzima. Mimi nilijibu. Mama mmoja mwenye baa kule Kenya (mtaa wetu, si nchi) alitaka kitu cha kuandikia mauzo, basi. Nikamwambia siku tatu. Ikawa miezi minne.

Kwanza makuta, yaani pesa. Bei ya kreti ni ya dola, mteja analipa nusu dola nusu faranga, chenji inarudi kwa faranga. Nikaweka nafasi moja ya kiwango cha siku cha kubadilisha dola kwa faranga. Alhamisi kikapanda, na mauzo yote ya Jumatatu yakajihesabu upya. Watu waliokwisha kulipa wakaonekana wana madeni. Kiwango kikae ndani ya kila malipo, pamoja na aina ya pesa iliyopokelewa. Senti nazo zihifadhini kama namba kamili: kwa desimali za kawaida za kompyuta, 0.1 na 0.2 huleta 0.30000000000000004.

Halafu mama akaandika 2.500, kama tulivyozoea kutenganisha maelfu, programu ikasoma faranga mbili na nusu.

Saa je? Sisi tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na mimi kwa uvivu nilichagua saa ya Kinshasa. Bia ya saa sita na nusu usiku ikaingia Jumamosi, ya saa saba na dakika tano ikaingia Jumapili. Nikarekebisha, mama akakasirika zaidi: kwake Jumamosi inaisha anapofunga mlango.

Lakini chupa tupu ndizo zilizonimaliza. Bia inauzwa, chupa haiuzwi. Asiyekuja na tupu anaacha pesa ya dhamana, na pesa hiyo si mapato, ni deni la mama kwake. Chupa zinarudi baada ya wiki tatu, kreti moja ina pengo la chupa mbili, chupa nyingine imemegeka mdomo, na aliyezileta ni shemeji yake. Mimi nilikuwa nimeandika "bidhaa" na "idadi".

Mwezi wa tatu wa kazi nikaomba daftari la mama. Kila mteja ana ukurasa, chupa zimechorwa vijiti pembeni, na kiwango cha dola kimeandikwa kwenye kila mstari. Siku ya kwanza alikuwa amenifungulia daftari hilohilo. "Si lazima, mama," nilimwambia.