Barua kwa mwanangu: Michezo ya jukwaani ndani ya ofisi

Mwanangu mpendwa,

Unasema mkuu wako wa idara amekupa kazi ya kuandaa nusu siku ya michezo ya uigizaji wa papo kwa papo kwa ajili ya timu yenu, ili watu wazoeane na wawasiliane vizuri zaidi, na kwamba amekuchagua wewe kwa kuwa anajua mama yako alipita jukwaani kabla ya kuingia kwenye mafunzo ya wafanyakazi. Unauliza mambo mawili: utaongozaje vichekesho na wewe mwenyewe huchekeshi, na utamfanya nini yule mhasibu ambaye hata kwenye kikao cha kawaida haongei mpaka aulizwe.

Ikubali kazi hiyo. Ila kuna sharti la kumpa mkuu wako kwanza, nitalieleza mbele kidogo.

Kuhusu kuchekesha, usiwe na hofu. Michezo mingi kati ya hii haikutungwa kwa ajili ya wachekeshaji. Sehemu kubwa imetoka kwa Viola Spolin wa Chicago, aliyefundishwa na Neva Boyd, mwalimu aliyeamini sana michezo ya makundi. Mwishoni mwa miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka, Spolin aliajiriwa kwenye mradi wa serikali akawa anafundisha maigizo kwa watoto na watu wazima, wengi wao wa familia za wahamiaji. Hebu waza darasa la namna hiyo: huyu katoka huku, yule kule, Kiingereza chao hakilingani. Mihadhara isingefika mbali. Akatunga michezo yenye sheria fupi, ambayo ili uicheze huna budi kumtazama mwenzako na kumjibu yeye, si mawazo yako. Vicheko vya kulipia tiketi vilikuja baadaye. Mwanawe, Paul Sills, ni mmoja wa walioanzisha The Second City, kundi la maigizo ya kuchekesha la Chicago, mwaka 1959, na kundi hilo siku hizi hufundisha hata makampuni.

Keith Johnstone naye, mwalimu mwingine wa uigizaji wa papo kwa papo, aliyefanya kazi kwenye ukumbi wa maigizo wa Royal Court Theatre wa London kabla ya kuhamia Calgary, Kanada, aliwahimiza waigizaji wake waseme lile la wazi linalowajia, waache kusaka la kijanja. Anayesaka la kijanja yumo kichwani mwake, na mwenzake anabaki anaongea peke yake. Kwa hiyo atakayekupa shida siku hiyo si mhasibu. Ni yule mcheshi wa ofisi. Kila ofisi inaye. Mpe saa ashike.

Sasa nikupe zoezi ambalo, hata kama muda utakubana ukaacha mengine yote, hili usiliache. Watu wakae wawili wawili na wazungumze jambo lolote la kawaida, kwa sheria moja: kila mmoja aanze sentensi yake kwa neno la mwisho alilolisema mwenzake. Mmoja akisema, "Nadhani ripoti hii imechelewa kwa sababu ya wateja," mwingine lazima aanze: "Wateja wenyewe hatujawaambia tarehe." "Tarehe tuliiweka sisi bila kuwauliza." Linaonekana dogo. Baada ya dakika moja utaona watu wanakwama, wanacheka, wanashika vichwa. Wanakwama kwa sababu kwenye vikao tumezoea kusikia nusu ya sentensi, tukishadhani tumeelewa tunaanza kupanga jibu huku mwenzetu bado anaendelea. Hapa huwezi kupanga, maana neno unalolihitaji liko mwisho kabisa. Inabidi umsubiri amalize.

Wakimaliza, usikimbilie zoezi lingine. Hapo ndipo wengi wanaoongoza michezo hii wanapoharibu: wanaona watu wamechangamka, wanataka kuchochea zaidi. Wewe wakalishe. Waulize: ni wapi ulijikuta umeacha kusikiliza? Ulipoona mwenzako anakusubiri mpaka neno la mwisho, ulijisikiaje? Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu kuliko unavyopenda, kivumilie. Mara nyingi kuna mtu atakayesema kitu kuhusu kazi yenyewe, kwa mfano kwamba wateja wakipiga simu yeye huwajibu kabla hawajamaliza kueleza tatizo. Hilo ndilo mlilolifuata. Mchezo bila mazungumzo ya baadaye ni burudani tu, na burudani haihitaji kuombewa nusu siku ya kazi.

Lile zoezi maarufu la "Ndiyo, na" bila shaka umeshalisikia. Lifanye kwa raundi tatu, wawili wawili, wakipanga sherehe ya kubuni. Raundi ya kwanza kila pendekezo linajibiwa kwa "Hapana". Ya pili, "Ndiyo, lakini". Ya tatu, "Ndiyo, na", kisha mtu anaongeza kitu juu ya kile alichopewa. Raundi ya pili ndiyo ya kuiangalia kwa makini, kwa sababu inafanana sana na vikao vyenu: maneno ni ya adabu, ila baada ya dakika mbili sherehe haijasogea hata hatua.

Lakini zoezi hili linatumiwa vibaya, na nakuomba uliseme wazi mbele ya wote. Jukwaani unaikubali hali aliyoileta mwenzako ili hadithi iendelee. Ofisini bado kuna bajeti, kuna sheria, kuna mambo ya usalama, na mtu anayesema "hili halitawezekana" huenda ndiye mwenye akili kuliko wote mle ndani. Nimewahi kuona kiongozi akimzima mhandisi kwa kumwambia, "Hapa tunasema ndiyo, na." Hayo si mawasiliano bora, ni ubabe uliovalishwa nguo za mchezo. Kinachokubaliwa ni kwamba mwenzako amesema na umemsikia. Ukishaonyesha hivyo, kataa kadiri unavyotaka.

Nirudi kwa mhasibu. Usimsimamishe mtu yeyote mbele ya wenzake. Pale mwanzoni kila kitu kifanyike wawili wawili, wote kwa wakati mmoja, ili pasiwe na watazamaji. Tangaza mapema kwamba kupita ni ruhusa na hakuna wa kuuliza sababu, na wewe mwenyewe usimbembeleze anayepita. Halafu wape zoezi la kuhesabu: kundi zima linasimama kwa duara, linahesabu kuanzia 1 hadi 20, namba inasemwa na yeyote, bila zamu wala ishara. Wawili wakisema pamoja, mnaanza upya. Waongeaji watalivuruga. Watu watulivu, waliozoea kupima hewa ya chumba kabla ya kufungua mdomo, ndio watakaolifikisha mwisho, na kundi litaliona hilo bila wewe kulisema. Na kama kuna asiyesikia vizuri au asiyeweza kusimama muda mrefu, panga kwa kumzingatia yeye tangu mwanzo. Kumtafutia kona ya kukaa wakati wengine wanacheza si kumjali.

Utakutana pia na zoezi la karata, linalotokana na kazi ya Johnstone juu ya ukubwa na udogo baina ya watu. Kila mtu anaweka karata kwenye paji la uso bila kuiona, wenzake wanamtendea kwa kadiri ya ukubwa wa karata ile, mwishoni anakisia nafasi yake. Ni zoezi zuri mno. Siku ya kwanza liache. Kwenye timu ambayo baadhi ya watu tayari wanahisi ni karata ya mbili kila asubuhi wakiingia kazini, litachoma.

Sasa lile sharti. Mkuu wako ama acheze kama wengine, akosee kama wengine, ama asiwepo kabisa. Akisimama mlangoni na simu akitazama nani mchangamfu na nani mzito, watu wataigiza mbele ya bosi badala ya kucheza. Na akuhakikishie kwamba hakuna litakalotokea mle litakaloingia kwenye tathmini ya mtu yeyote. Kama anasita kwenye hili, kazi hiyo mrudishie kwa heshima.

Mwambie pia ukweli kuhusu mipaka ya michezo hii. Kama timu imelemewa na kazi, au watu wanaogopa kusema kosa kwa sababu aliyesema mara ya mwisho alifokewa, duara na namba havitatibu hayo. Vinaweza tu kuyaonyesha, na yakishaonekana yanahitaji mtu wa kuyashughulikia. Akikuuliza kama hii ni kazi ya watu wazima, mwambie mwigizaji Alan Alda alisaidia kuanzisha kituo katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, jimbo la New York, mwaka 2009, ambako wanasayansi hufanyishwa mazoezi ya namna hii ili waweze kueleza utafiti wao kwa watu wa kawaida.

Nusu siku naiona ni ndefu. Omba saa mbili, kisha omba dakika kumi mwanzoni mwa kikao cha kila wiki kwa muda wa miezi michache. Kusikiliza kunajengwa kwa kurudiarudia, na siku moja ya shamrashamra huwa imesahaulika kabla picha zake hazijaisha kuzunguka kwenye simu. Waambie waje na viatu vya kustarehe. Na usiite shughuli hiyo "vichekesho" kwenye tangazo, la sivyo mhasibu ataomba ruhusa ya kuumwa.

Ukishaongea na mkuu wako niandikie amejibu nini kuhusu lile sharti, ndipo tupange mfuatano wa mazoezi.

Mama yako.